Ijaza ya Miraj Din

Shagufta Nazir alijua kusoma maneno kinyumenyume kabla hajajua kuyasoma sawasawa. Baba yake alikuwa fundi wa chapa katika Soko la Urdu, Lahore, enzi za sahani za zinki, na kwenye sahani maneno hukaa kinyume ili kwenye karatasi yatoke sawa. Mtoto alishinda chini ya meza ya baba yake, sahani zinapita kichwani pake, naye anasoma. Siku aliyoanza shule alianza kusoma mstari kutoka kushoto, na Kiurdu husomwa kutoka kulia, akala kofi la mwalimu, akarudi nyumbani akilalamika kwamba shuleni wamegeuza ubao. Baba mtu alicheka hadi akakohoa, halafu akamfundisha kusoma kama watu wengine wote.

Alipokua alisomea michoro chuoni, akaajiriwa katika ofisi ya matangazo. Kazi yake ilikuwa kuchora majina ya bidhaa: samli, sabuni, chai, mafuta ya nywele. Alikuwa hodari na alijijua kuwa hodari, jambo ambalo halikumsaidia chochote. Mwaka 1992, ana miaka ishirini na minne, bosi wake alilitazama jina alilolichora kwa ajili ya kopo la samli, akasema linachechemea. Hakufafanua. Alimwandikia anwani kwenye kipande cha karatasi: Lango la Bhati, uchochoro wa wauza maziwa, kwa Miraj Din mwandishi wa hati.

Miraj Din alikuwa ameandika vichwa vya habari vya gazeti moja kwa miaka kumi na saba. Walikuwa wanaume hamsini katika ukumbi mmoja, wamekaa sakafuni, kila mmoja goti moja juu na ubao gotini, na gazeti zima liliandikwa kwa mkono kila siku ya Mungu. Hati yetu ya nastaliki haikai kwenye mstari kama watoto watiifu. Kila neno huanzia juu kulia likateremka kushoto, na herufi moja hubadilisha umbo kila inapobadilisha jirani. Mashine ilishindwa nayo kwa miaka mingi, na waandishi wakajidanganya kwamba itashindwa milele. Halafu mwaka mmoja kompyuta zikaja, na ule ukumbi ukageuzwa stoo ya karatasi.

Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni jingine. Kabla ya kompyuta kufika, watu wa kampuni moja walimfuata nyumbani wakamwomba awaandikie vipande vya maneno, maelfu kwa maelfu, kila herufi na kila jirani yake. Aliandika miaka miwili. Walimlipa mara moja, akatia sahihi karatasi ya Kiingereza asiyoweza kuisoma, wakapeana mikono. Baadaye binti yake Zakia alipoposwa, mzee alikwenda duka la chapa ili kadi za harusi zichapwe kwa zile herufi. Mwenye duka, kijana mwenye adabu zake, alimwambia herufi hizo zina wenyewe na yeye leseni yake imekwisha, hawezi kuzitumia. Miraj Din alizitazama herufi kwenye kioo cha kompyuta, mkono wake mwenyewe, kila mkunjo. Hakubishana. Alirudi nyumbani akaandika kadi mia tatu kwa kalamu ya tete, na tangu siku hiyo hakutia tena sahihi karatasi yoyote. Hata ya mita ya gesi alitia Zakia. Neno kompyuta likawa halitamkwi chumbani mwake, na wageni walikatazwa mlangoni kama wanavyoambiwa wavue viatu.

Huyo ndiye aliyepelekewa Shagufta. Alifika na kikapu cha laddu, vile vitamu vya mviringo, kama inavyompasa mwanafunzi mpya, na mzee akala laddu moja na kumpa ubao uliopakwa udongo mweupe. Alimwambia aandike herufi ya kwanza, ambayo ni kijiti tu kilichosimama. Aliiandika kwa miezi minne. Kila Alhamisi baada ya alasiri mzee alichukua wino mwekundu, akapima kijiti kwa nukta, ambayo ndiyo kipimo cha hati, akaonyesha kilipolegea, na Shagufta akarudi nyumbani kuanza upya.

Hapa lazima niseme neno juu ya ijaza, maana bila hilo kisa hakina miguu. Kwa watu hawa, mtu haweki jina lake chini ya kazi ya hati mpaka ustadhi wake amruhusu. Aandike vizuri asiandike vizuri, jina haliwekwi, wala hamfundishi mwingine hati. Siku ya ijaza waandishi wote wa mji hualikwa, ustadhi humfunga mwanamume kilemba, au humvisha mwanamke shali, na kuanzia hapo mkono ni wake. Kabla ya hapo mkono ni wa ustadhi, kaukopesha tu. Na ijaza haiombwi. Anayeiomba anakuwa ameonyesha kwamba bado hajaiva. Kuna watu wamezeeka wakisubiri na midomo wameifunga.

Shagufta alisubiri. Wanaume watatu walioanza nyuma yake walifungwa vilemba, naye alipika biriani ya sherehe zote tatu pamoja na Zakia. Mjini watu walisema ni kwa sababu ni mwanamke. Wengine wakasema mzee ananusa ofisi kwenye vidole vyake. Yeye mwenyewe alijitia hamnazo, lakini yalimuuma, na yalimuuma zaidi alipoanza kufundisha chuoni. Aliwafundisha vijana usanifu wa herufi za mashine, kitu ambacho hakihitaji ijaza ya mtu, na waandishi wazee wakipita karibu na darasa lake walikohoa kwa makusudi. Siku ya kwanza ya kila muhula aliwaambia wanafunzi wazi kwamba yeye hana ijaza, ili wasije wakalisikia nje.

Chuoni ndipo alipokutana na Danial Gill, mwalimu wa kompyuta, mtu wa maneno mengi na sweta moja. Danial alikuwa wa lile kundi linaloamini kwamba programu isiyoweza kufunguliwa na kurekebishwa na mtu yeyote ni jela. Ndiye aliyemweleza leseni huria: mtu anatengeneza fonti, anaitoa kwa karatasi inayosema kila mmoja aichukue, aitumie, aibadilishe, aigawe, ila asimfungie mwenzake mlango. Shagufta alilisikiliza jambo hilo huku akimwona mzee amesimama kwenye duka la chapa. Wakati huo vitabu vya watoto vilichapwa kwa herufi za mraba ambazo bibi zao hawakuweza kuzisoma, kwa kuwa nastaliki nzuri ilikuwa na wenyewe. Mwaka 2003 alianza kuchora fonti yake. Ilimchukua miaka kumi na moja.

Nasema fonti yake, lakini yeye hakuiita hivyo. Alikuwa hajapata ijaza, kwa hiyo mkono ulikuwa wa Miraj Din, kwa hiyo fonti ilikuwa ya Miraj Din, mtu ambaye jina la kompyuta lilikuwa haramu nyumbani kwake. Danial alimwambia aitoe tu, mzee hatajua. Shagufta alimkata jicho, na Danial hakurudia.

Na bado alifanya lililo baya zaidi. Mnamo mwaka wa nane kazi ilimkwamia. Maneno yaliteremka vizuri moja moja, lakini mstari mzima ukikaa pamoja ulikuwa na kitu, na hakujua ni kitu gani. Macho ya kukijua yalikuwa mawili tu duniani, ya mzee, na hayo yalishaanza kuingia ukungu. Basi Shagufta alitafuta karatasi ileile iliyopakwa wanga anayoandikia kila wiki, akatafuta wino wa printa wenye rangi ya wino wake wa mkono, akachapa mstari mmoja kutoka kwenye fonti. Alhamisi aliupeleka katikati ya mistari minne aliyoiandika kwa kalamu. Mzee aliinamisha uso hadi pua karibu iguse karatasi, akachukua wino mwekundu, akasahihisha yote mitano bila kubagua.

Alifanya hivyo kwa miaka mitatu. Kila Alhamisi mstari mmoja wa mashine, na kila Ijumaa asubuhi aliketi na wino mwekundu mbele yake akirekebisha fonti: hapa punguza nusu nukta, huyu mlegeze tumbo, yule msogeze kwa jirani. Alijiambia hamdhuru mtu. Watu husema hivyo wanapoiba, na mimi naiita wizi, ingawa nampenda. Mzee aliyekula kiapo asiguse mashine alikuwa anaifundisha kwa mkono wake, wiki baada ya wiki, na chai akimpa.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu mwaka 2014, mzee alifika kwenye mstari wa tatu akasimama. Alipima. Akapima tena. Halafu juu ya mstari, kwa wino mwekundu, aliandika herufi ya swadi, ndogo, alama ya kusema hapa hakuna la kusahihisha. Katika miaka ishirini na miwili Shagufta alikuwa hajawahi kupata swadi ya mstari mzima. Mistari mingine minne iliyokuwa kwenye karatasi, ile ya kalamu, ilijaa wekundu kama kawaida.

"Huu ndio mkono," mzee alisema. "Huu niliungoja." Akamwita Zakia kutoka jikoni, akamwambia ahesabu siku, Idi ikipita awaalike waandishi, na shali aichague Zakia mwenyewe, kwa sababu yeye mzee rangi hazimwelei tena. Zakia, ambaye mumewe alikufa mapema na aliishi kwa kumhudumia mzee huyo, alimkumbatia Shagufta akalia. Shagufta alisimama kama gogo. Zakia alidhani ni furaha.

Alipofika nyumbani hakula. Hebu fikiria hali yake: angekaa kimya tu, basi. Shali begani, jina lake chini ya kazi, ruhusa ya kufundisha hati, wale wakohozi wa koridoni wangempa salamu. Na fonti ingekuwa mkono wake kihalali, angeitoa kwa jina lake kesho yake. Hakuhitaji kusema uongo hata mmoja zaidi, alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza alishakuzoea. Alinyamaza wiki mbili. Alhamisi ya kwanza alisingizia homa. Alhamisi ya pili alikwenda, na Zakia alikuwa ameshanunua shali, ya kijani kibichi, na alimwomba aijaribu mbele ya kioo.

Aliijaribu. Halafu aliivua, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akaingia chumbani kwa mzee akakaa sakafuni.

"Ustadhi, ule mstari wenye swadi si mkono wangu," alisema. "Ni wa kompyuta."

Alieleza yote, tangu wino wa printa hadi Ijumaa asubuhi. Alipomaliza, mzee aliichukua kalamu, akaifuta, akaifuta tena ingawa ilikuwa kavu, akauliza ni mistari mingapi. Shagufta alisema ni kama mia moja na hamsini. Mzee alimwambia atoke. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomkata Shagufta maini, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa matusi.

Zakia hakumsalimia akitoka. Mialiko ikafutwa, na mji mzima ukawa na sababu yake ya kuieleza.

Danial alipoambiwa alishika kichwa. Alisema basi yaishe, wachore fonti nyingine kutoka kwenye vitabu vya zamani, waandishi wake wamekufa na hawana kinyongo. Shagufta alisema fonti ile haitoki bila ruhusa ya mzee, na kama mzee akifa kabla ya kuruhusu, itakaa kwenye droo. Miaka kumi na moja ilikuwa imesimama juu ya neno la mtu mmoja aliyemfukuza, mwenye miaka themanini na mbili na kifua kibovu. Danial alimwuliza kama anajua anachokisema. Alijua.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kama kawaida. Hakubisha hodi. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uchochoroni na ubao wake, akaandika hadi magharibi, akaenda zake. Wauza maziwa walimpitia wakimtania kwamba siku hizi darasa limehamia kwenye upepo. Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu Zakia alimtolea chai, akaiweka chini kwa kishindo, lakini ilikuwa na sukari. Ya nne mlango ulifunguliwa, na Zakia akasema, "Anakuita. Usimchoshe."

Mzee alikuwa ameegemea mto. Hakumwambia akae, naye hakukaa.

"Unaiuza kwa nani?" aliuliza.

Alijibu haiuzi. Akaieleza leseni kwa maneno mepesi, kama alivyozoea kuwaeleza wanafunzi. Mzee aliuliza kama kuna atakayeweza kumzuia yeye, Miraj Din, kuzitumia. Hakuna. Aliuliza kama kuna atakayeweza kumzuia mwenye duka la chapa. Hakuna. Aliuliza juu ya ile kampuni, kama nayo itaruhusiwa. Shagufta alisema ndiyo, hata wao, ila hawataweza kumfungia mtu mwingine. Mzee akacheka. Alicheka taratibu, kifua kikikoroma, akasema itabidi waje kuzichukua bure kama maskini wengine.

"Sasa unataka nini kwangu? Umeshazichukua."

Hapo Shagufta alimweleza jambo lililokuwa limemkosesha raha Danial. Leseni ile, kwenye mstari wake wa kwanza, hutaja mwenye mali. Ni lazima herufi ziwe za mtu ndipo mtu huyo aziachie watu, maana hakuna awezaye kutoa kisicho chake. Jina lake yeye hawezi kuliweka, hana ijaza. Jina la Ustadhi hawezi kuliweka bila Ustadhi mwenyewe kutia sahihi. Alikuwa na karatasi mfukoni, kwa Kiurdu, kwa sababu alikuwa amekaa na wakili siku tatu kuitafsiri neno kwa neno.

Zakia aliyekuwa mlangoni alisema baba yake hatii sahihi, Shagufta anajua hilo, asianze. Mzee alimnyamazisha kwa mkono. Aliomba asomewe karatasi. Ikasomwa. Akaomba isomwe tena, safari hii na Zakia, ili asikie kwa sauti nyingine. Kisha akaomba kalamu yake.

Hakuandika vizuri. Jina lilichukua muda mrefu kuliko kusomwa kwa karatasi yenyewe. Shagufta alikuwa ameijua kila herufi ya mkono ule kwa nusu ya nukta, na alisimama hapo akiitazama akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka mbele ya wote wawili. Alipomaliza mzee aliipuliza karatasi wino ukauke.

"Sasa sikiliza, binti," alisema. "Ile swadi siifuti. Niliitia kwenye mstari, na mstari ule ni wa kweli. Mstari umepata ijaza. Wewe bado."

Shagufta aliitikia kwamba amesikia.

"Alhamisi njoo na ubao. Na wino wako wa mkono, nitaunusa."

Hivyo ndivyo fonti ilivyotoka, mwezi wa sita mwaka huo, na mstari wa kwanza wa leseni yake ukasema ni ya Miraj Din wa Lango la Bhati, Lahore. Jina la Shagufta halikuwekwa popote. Danial alikasirika siku nzima, akasema angalau kwenye shukrani, angalau kwa maandishi madogo. Shagufta alimwambia maandishi madogo nayo ni maandishi. Watu waliichukua kwa maelfu: wachapaji wa vitabu vya shule, watu wa harusi, waandika mashairi nyuma ya malori. Mwanafunzi wake mmoja, msichana kutoka Chitral kule kaskazini, aliifungua na kuiongezea herufi za lugha ya kwao, ambazo Kiurdu hakina, akachapa kitabu cha kwanza cha kusomea cha wadogo zake.

Shagufta alipeleka kitabu hicho Alhamisi. Mzee alikisogeza puani akauliza ni nani aliyeongeza hivi vidudu. Akaambiwa ni mwanafunzi. Akauliza kama aliomba ruhusa. Shagufta alisema leseni haimtaki aombe. Mzee aliguna, akavuta wino mwekundu, akakisahihisha kitabu kizima, na Shagufta akampelekea msichana yule, ambaye alikilaza chini ya mto wake kwa wiki nzima kabla hajarekebisha kitu.

Shagufta alisahihishwa kwa miaka mitatu zaidi, kila Alhamisi. Swadi hakuipata. Mara mbili alidhani mkono mwekundu unasita juu ya mstari wake, na mara zote mbili ukashuka na kupata kosa, na kosa lilikuwepo kweli. Hakuna aliyemwona akinung'unika. Aliniambia mwenyewe kwamba ilimuuma kila wiki na kwamba hakuwahi kufikiria kuacha, na nilipomwuliza yanakaaje pamoja alisema hajui. Miraj Din alikufa majira ya baridi ya mwaka 2017, siku ya Jumanne, akazikwa kwenye makaburi ya Miani Sahib kabla ya adhuhuri.

Kwa desturi, jiwe la kaburi la ustadhi huandikwa na mkubwa wa wanafunzi wake wenye ijaza. Wale watatu wa vilemba, mmoja alikuwa Sharjah na hakupata likizo. Wawili waliobaki walianza kubishana nani alifungwa kilemba kwanza, wakaleta na mashahidi, na mwishowe wakawa hawaongei. Miezi ikapita kaburi likiwa udongo mtupu na kijiti. Zakia alichoka. Alimwendea Shagufta chuoni, mara yake ya kwanza kukanyaga pale, akamwambia aandike yeye.

Shagufta alisema hana ijaza.

"Marehemu hatoki kuja kukuuliza," Zakia alisema.

"Ndiyo maana siwezi."

Waligombana kidogo, kwa sauti ya chini, wanafunzi wakipita. Kisha wakashikana mikono wakaenda kwa wachonga mawe walio nje ya makaburi. Fundi waliyemchagua alikuwa mtu mkarimu mwenye vumbi hadi kwenye kope. Hakuandika kwa mkono, alisema siku hizi nani anaandika, yeye anachapa maneno kwenye kompyuta, anabandika karatasi juu ya jiwe, anachonga humo humo. Aliwafungulia vielelezo. Vya kwanza viwili vilikuwa vya mraba, vibaya. Cha tatu Zakia alikiona akakigusa kwa kidole; ulikuwa mkono wa baba yake.

Fundi alimwona akapendezwa. Alisema hiyo ndiyo wateja wote wanaichagua, na uzuri wake ni bure, mtu aliitoa watu waitumie, hata wao, dada zake, wakitaka kadi za harusi wachukue tu, hakuna atakayewauliza. Zakia alifungua mdomo. Shagufta aliubana mkono wake, naye akaufunga.

Walichagua hiyo. Waliagiza jina, tarehe mbili, na sala fupi. Fundi aliandika yote kwenye daftari, halafu akagonga penseli kwenye kona ya chini ya ukurasa, pale ambapo kwenye mawe yetu hukaa jina la aliyeandika.

"Na hapa niweke nani? Mwandishi?"

Zakia alimtazama Shagufta, akangoja.

"Weka Miraj Din," Shagufta alisema.

Fundi alirudi juu ya ukurasa, akasoma, akarudi chini. "Huyo si ndiye marehemu?"

"Ndiye."

Fundi alimgeukia Zakia, labda akidhani mwenzake amechanganywa na msiba. Zakia alisema ndivyo, aandike hivyo hivyo. Basi akainama akaliandika jina mara ya pili, dogo, kwenye kona.